Hongera Aliyopewa Mume

Jumamosi nilikuwa kwenye duka la mabegi Kariakoo, wakaingia mume na mke wakitaka mabegi mawili makubwa ya safari. Muuzaji, Mchaga mchangamfu tunayemwita mangi, alisikia lafudhi ya mume akajua ni mtu wa kwao Rombo. Akauliza wanaenda wapi.

"Ulaya," mume akajibu. "Kuna kazi imepatikana."

"Hongera sana, kaka!" Mangi akampa mkono. Nami nikampa wangu. Mume akaipokea yote miwili.

"Na wewe shemeji umebahatika," mangi akamwambia mke, aliyekuwa akijaribu zipu. "Huko ni kupika na kulea tu."

Zipu ikasimama. Mke akamtazama mumewe, akasubiri. Mume akainama kukagua magurudumu.

"Mwambie kazi ni ya nani," mke akasema taratibu.

Mume akanong'ona, lakini duka lenyewe dogo: "Huyu mangi ni mtu wa nyumbani. Unataka Krismasi nikifika Rombo waniambie nimeolewa?"

Mke akamgeukia mangi. "Nifungie moja tu. Huyu safari yake inaishia Rombo."

Mangi akakosa pa kuweka macho. Mimi pia. Kariakoo hatununui hata kijiko bila kuuliza maswali kumi, lakini hongera tuliitoa bila kuuliza hata moja. Nikanyoosha mkono kumpa mama hongera yake. Mkono wake ulikuwa umeshashika begi.