Amri au Biashara

Celina alikuwa mjane wa miaka hamsini na ushee, mwenye mdomo mkali kama wembe. Katika kijiji kile cha Embu, ambamo serikali ya kikoloni, wakati wa Hali ya Hatari, iliwasonga watu kama mbuzi zizini, kazi yake ilikuwa kulea watoto wa wenzake. Mama zao waliswagwa alfajiri kwenda kuchimba handaki la kuzunguka kijiji. Wadogo walibaki naye uwanjani, akiwapikia uji, akiwapangusa kamasi, akiwagombeza.

Watoto walisema Kiembu. Kiswahili chao kilikuwa kidogo, na kidogo hicho kilikuwa cha amri tupu: Toka. Ingia. Chuchumaa. Nyamaza. Walikuwa wamefundishwa na pembe, ndivyo watu walivyokiita kile kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari la serikali. Kila gari lilipofika, kijiji kizima kililazimika kuchuchumaa na kusikiliza. Celina mwenyewe ndiye aliyewakazia watoto: "Pembe ikisema, fanya. Usiulize." Alikuwa na sababu. Mtoto mmoja alichelewa kuingia ndani kwa kumfuata mwanambuzi wake, akapigwa risasi ya paja.

Kisha pembe ikaleta maneno mengine. Baada ya matangazo ya serikali, sauti ileile ilipaa: "Vuta Tausi! Vuta sasa!" Sigara za Tausi zikatupwa kwa watu kama mahindi kwa kuku. Wazee walizigombea, na watoto, wepesi kuliko wazee, wakaokota zilizopita katikati ya miguu.

Kesho yake Celina alimkuta Mutugi, wa miaka mitano, nyuma ya kibanda, uso umempauka kama jivu, akitapika uji wote wa asubuhi. Kaari, dada yake wa miaka saba, alikuwa amemshikilia shingo kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa na kijinga cha moto, na sigara iliyoungua nusu ilikuwa miguuni pao. Mama yao alikuwa kizuizini.

"Nani amewaambia mvute?"

"Pembe, cucu." Kaari alishangaa kuona nyanya akiuliza jambo linalojulikana. "Imesema vuta. Mutugi hataki. Nimemwambia watatupiga."

Mkono wa Celina ulikuwa umeshainuka. Akauteremsha. Hasira ilimjaa kifuani, na hapakuwa na mtu pale wa kuishushia. Ampige nani? Mtoto aliyetii?

Gari liliporudi, alimwendea msomaji wa matangazo kabla hajaanza. Alikuwa Jumaa, mwana wa Idrisi mchinjaji, kutoka mtaa wa Waislamu kule mjini. Alikuwa akinywa chai, amekaa juu ya bampa.

"We Jumaa. Mwanao nyumbani unamwambia avute?"

Jumaa akacheka. "Mwanangu! Mama, hata mimi sivuti, kifua changu kibovu. Mimi nasoma tu. Serikali imenipa gari, kampuni ya sigara inatia petroli."

"Wote kwa mdomo mmoja."

"Sasa nikaazime mdomo wa nani?" Akapuliza chai. "Wewe waambie watoto wasinisikilize, basi."

"Halafu jioni ukisema ingieni ndani? Wakuchekelee, mpaka wapigwe risasi?"

Jumaa alimwaga chai iliyobaki, akapanda garini.

Watu walichuchumaa. Njuki, hedimani, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, alisimama mbele na kiboko chake. Ofisa mzungu aliegemea mlango wa Landrova, askari wenye bunduki kando yake. Habari za serikali zikaisha, pembe ikakohoa, ikasema: "Vuta Tausi!"

Celina akasimama. Kusimama tu kulikuwa kosa.

"Hedimani, nauliza. Hiyo ni amri au ni biashara?"

"Kaa chini, mwanamke!"

"Nitakaa. Kama ni amri, lete sigara nimtie kila mtoto mdomoni sasa hivi, tuanze na huyo wako aliye mgongoni kwa mkeo. Kama ni biashara, tangu lini mnunuzi akapelekwa sokoni kwa bunduki?"

Mtu mmoja aliangua kicheko, akakimeza. Ofisa akauliza mwanamke yule anataka nini. Hakuna aliyejitolea kutafsiri. Njuki alimtazama mzungu, akamtazama mkewe, ambaye tayari alikuwa amemfunika mtoto kwa shuka.

"Ni biashara," akanong'ona.

"Iseme pembe. Watoto hawa hawamsikii mwingine."

Sauti ya Jumaa ikatoka juu ya gari, nzito: "Ni biashara."

"Haya, watoto. Simameni. Hii hatuitii."

Wakaondoka nyuma yake, Mutugi mgongoni, Kaari akigeuka kila hatua kutazama bunduki.

Jioni hiyo Celina alihukumiwa kuchimba handaki kwa kuvuruga mkutano. Wakuu walikaa kikao wakajadili adabu yake, mdomo wake, hata iwapo ana ndugu miongoni mwa wapiganaji wa msituni. Juu ya mtoto aliyetapika hawakusema neno.

Gari lilipokuja tena, Celina alikuwa ndani ya handaki, tope hadi magotini. Pembe ilifika hata huko. Ilimaliza ya serikali, ikakohoa. Kisha Jumaa, bila kuulizwa na yeyote, akasema, "Sasa ni biashara."

Celina akaacha jembe. Alisikia miguu midogo mingi ikiondoka uwanjani, na sauti ya Kawira, mke wa hedimani, ikiwahimiza: "Twendeni, twendeni."

"Chimba, wewe!" askari akafoka kutoka juu.

Hiyo ilikuwa amri. Akachimba.