Mtaalamu wa Vidole

Akina mama pale benchini, kwenye kliniki ya mazoezi ya mikono ya watoto, walimwita yule dada Mtaalamu wa Vidole, na sauti yake ilikuwa ya kubembelezea vichanga hata alipoongea na watu wazima. Kila Jumatano alimwaga vibanio vya nguo mkekani, akaviita mamba, akawaambia watoto, "Haya vipenzi, mamba afungue mdomo." Kisha akawageukia wazazi kwa amri ileile: "Mama, usimsaidie. Mikono ikae mapajani." Yake mwenyewe haikujua mapaja yalipo. Mtoto akikwama pumzi mbili tu, zile kucha ndefu zilishuka kama kuku waliomwagiwa punje, zikambinyia kibanio, halafu kwenye faili akaandika: "Ameweza."

Mama mmoja alikuwa akihesabu kimoyomoyo. Wiki sita, "ameweza" sita, na binti yake bado hawezi kufunga kifungo cha sare, ilhali shule inafunguliwa Jumatatu. Jumatano hiyo binti aliuma ulimi, akabinya, mdomo wa mamba ukaanza kuachama. Kucha zikashuka. Mtoto akashtuka, akaachia, na mamba akadaka kidole cha mtaalamu.

"Mama, hebu nitoe," alisema mtaalamu, safari hii bila kubembeleza.

Mama akaitazama mikono yake, imetulia tuli mapajani. "Si ulinikataza, dada? Mwache afungue mwenyewe."

Wakangoja. Binti akabinya, vidole vikateleza. Akabinya tena kwa mikono miwili, na mamba akaachama mpaka mwisho.

Mama akamsogezea mtaalamu faili. "Haya, sasa andika."