Utumbo Aliouosha Ako

Nilipokuwa mtoto wa darasa la saba, kijijini kwetu kando ya Tana chini ya Garsen, nilimfunga nyanya yangu mdomo kwa neno moja la Kiingereza, na hasira ya jambo hilo ninayo mpaka leo.

Neno lenyewe ni "omen". Mwalimu aliliandika ubaoni, akasema ni ishara ya jambo lijalo, hasa baya, akaongeza kwamba wanaoamini ishara ni wasiosoma. Mimi nililipenda! Nililirudia njia nzima hadi nyumbani.

Siku hiyo Aba, baba yangu, alikuwa amechinja mbuzi. Kwetu Waorma utumbo husomwa ili kujua yajayo, na husomwa na wanaume. Waliutazama, wakaona malisho mazuri, wakautupia wanawake. Nyanya, Ako tulivyomwita, akawa anauosha, mimi nammiminia maji. Ghafla mikono yake ikasimama. Akatandaza utando wa mafuta kiganjani, akafuata mshipa mmoja kwa kidole. Halafu akainuka na mikono yake michafu hivyohivyo, akaenda kwa wanaume.

"Mwanangu, tuhame. Mto unakuja."

"Mama, utumbo umeshasomwa," Aba akasema. "Wewe kazi yako ni kuosha."

Nikadakia, nani aliniuliza? "Ako, hiyo inaitwa omen. Mwalimu amesema ni mambo ya wasiosoma."

Wakacheka, weee! "Umemsikia profesa, mama?" akasema Aba. Ako akanitazama, akarudi kwenye karai lake. "Haya, profesa. Nimiminie maji."

Mwezi haukuisha. Mto uliingia asubuhi, tunakunywa chai, ukachukua ndama wote waliokuwa wamefungwa. Ako nilimkuta juu ya kitanda, maji yanapita chini yake, ameshika kamba ya ndama aliyekwisha kufa. Wanaume baadaye wakasema eti nao waliona, ila hawakutaka kutia watu hofu. Waongo!

Nilimwomba anifundishe. Nilimwomba zaidi ya mara moja, nikiwa sekondari pia, kila likizo. Jibu lake lilikuwa lilelile: "Mimi sijasoma." Akazikwa na elimu yake hiyo.

Sasa nina binti wa siku nane. Jana mume wangu alimchinjia mbuzi wa akika, na mimi niko arobaini, kazi siruhusiwi, lakini nikalia mpaka wakaniletea karai la utumbo kitandani. Nikatandaza ule utando kiganjani kama Ako. Mishipa ilikuwa imejaa damu, minene, au labda ndivyo huwa siku zote, nitajuaje? Huko mto unakotoka mvua inanyesha wiki ya pili na nyumba yetu iko palepale pa Aba.

"Unatafuta nini humo?" mume wangu akauliza.

"Sijui."

"Sasa unalia nini?"

"Kwa sababu sijui!"

Nimemkasirikia mwalimu, nimemkasirikia Aba, lakini aliyesema lile neno mbele ya watu ni mimi, na Ako hakunichapa wala hakunitukana. Aliniachia ujinga wangu niulee mwenyewe.

Nimefunga nguo za mtoto. Nimemwambia mume wangu atupeleke kwa dada yake anayekaa Minjila, mahali palipoinuka, mpaka mvua ikatike. Akacheka: "Na kusoma kwako kote huko?"

Nikamwambia acheke, lakini acheke huku anafunga mizigo.