Macho Wazi Kabla ya Bega

Nakumbuka Jumamosi moja hapa Bukavu, wakati wa vita, nilipojiona kocha aliyezaliwa na kipaji. Raga nilijifunza Kinshasa nikiwa mwanafunzi. Niliporudi nikakusanya vijana kumi na tisa, mpira mmoja na maringo mengi. Ndiyo, mwanangu, hata mimi nilikuwa nayo.

Wale vijana walinishangaza. Kinshasa tulibembelezwa miezi mizima tuiname kumkamata mwenye mpira; hawa walijitupa chini tangu siku ya kwanza, kichwa mbele. Nikawasifu sana. Maman Nsimire, muuguzi mstaafu aliyekaa jirani ya kiwanja, akaniita kwenye ua wake.

"Mwalimu, hawa watoto wanafungaka macho," akasema. "Ni vile wanaangukaka kama masasi inalia. Ile haiko nguvu. Ni woga."

Nikacheka, eti risasi, nikamwambia aniachie kazi yangu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nusura nivunje shingo ya mtoto wa mwenzangu.

Jumamosi hiyo Bisimwa, kijana mpole kuliko wote, alimrukia mwenzake kutoka ubavuni. Alifumba macho, kichwa kikapita mbele ya mapaja badala ya kubaki nyuma ya makalio, na goti likamgonga shingoni. Akalala pale.

"Kocha, miguu yangu sisikie," akasema polepole.

Nilitaka kumwinua haraka, aibu yangu iishe. Maman Nsimire alifika mbio na kitenge kikimfunguka.

"Usimuguse!"

Akakishika kichwa cha kijana kwa mikono miwili, akaagiza mlango wa nyumba yake ung'olewe. Tukambeba juu ya mlango ule hadi hospitalini. Barabarani kulikuwa na kizuizi cha askari, wakatuweka pale tukijieleza. Mimi sikuwaogopa. Nilivitazama tu vidole vya miguu ya Bisimwa, nikimwomba Mungu kimoja kitikisike.

"Uliona woga yao, ukaiita nguvu," Maman aliniambia, bado ameshika kile kichwa, "kwa sababu ilikupatia sifa."

Vidole vilitikisika siku ya tatu. Bisimwa alitembea, ila raga hakucheza tena, na mama yake hakunisalimu kwa muda mrefu. Majuto ni mjukuu, mwanangu. Wangu bado nalala naye.

Sasa nawe umepewa vijana, na mimi silali vizuri. Wafundishe kumkamata mwenye mpira wakiwa wamepiga magoti kwanza, kisha wakitembea, ndipo wakimbie. Macho wazi, kidevu juu, kichwa nyuma ya anayekamatwa, bega ligonge, mikono ifunge. Akifumba macho, simamisha mazoezi umuulize anaogopa nini, hata kama watazamaji wanampigia makofi. Na mkubwa akikuita uani, nenda ukasikilize.

Mungu akupe subira, mwanangu, na kila jioni awarudishe wote kwa mama zao, wakitembea kwa miguu yao wenyewe.