Ibada Niliyoisoma Nzima Mbele ya Kamera

Ashukuriwe Mungu aliyenifikisha umri huu nikiwa na macho ya kumwona mjukuu wangu akipanda, na akili ya kulikumbuka kosa langu bila kulificha.

Mjukuu huyo alianzia kwenye igizo la Krismasi kanisani kwetu Igowole, akiwa mchunga kondoo asiye na neno hata moja la kusema. Baadaye alikwenda kusoma Mbeya, na huko akaanza kuigiza katika filamu fupi za vijana wenzake. Mwaka juzi akapata nafasi ya bibi harusi kwenye tamthilia ya televisheni. Mwongozaji alitaka kanisa la kijijini na mchungaji mzee. Binti akamwambia anavyo vyote viwili.

Nilikuwa nimeshastaafu. Nilivaa kanzu yangu ileile, nikashika kitabu changu kilekile cha ibada. Mwongozaji alinieleza kwa heshima kwamba nisome mistari miwili tu, kisha ninyamaze, nami nikaitikia. Lakini nilipofungua kitabu, mdomo ulifuata njia uliyoizoea. Nilisoma ibada ya ndoa yote. Nikawauliza maswali, yeye na kijana aliyeigiza bwana harusi, nikawaunganisha mikono, nikaomba, nikabariki. Hakuna aliyenikatisha. Mjukuu wangu alilia machozi ya kweli.

Machozi yale ndiyo yaliyomtoa. Watu waliyaona majumbani mwao, na kazi zikaanza kumjia, moja baada ya nyingine.

Mwaka huu akachumbiwa na mwalimu wa Mbeya, kijana mcha Mungu, na ndoa yao ikatangazwa kanisani kwetu, Jumapili ya kwanza kati ya tatu. Mchungaji wa sasa alipouliza kama kuna mwenye pingamizi, mama mmoja, mzee wa kanisa, akasimama. Alisema kwa upole kwamba binti huyu ni mke wa mtu. Yeye mwenyewe alimwona kwenye televisheni akifungishwa ndoa kwenye madhabahu hii, tena si na mchungaji wa kuigiza.

Wachache walicheka. Mama mkwe mtarajiwa, aliyesafiri kutoka Mbeya, hakucheka. Matangazo yakasimamishwa, tukaitwa mbele ya baraza la wazee.

Nilisimama wa kwanza, nikasema kosa ni langu. Wale vijana hawakuwa na matangazo, wala cheti, wala nia. Walikuwa na mzee asiyejua kusoma ibada nusu. Mama yule aliyeweka pingamizi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia binti.

“Mwanangu, uliposema unakubali, ulikuwa unamwambia nani?”

“Nilikuwa namwambia Babu, mama. Alisoma kama kweli, nikasahau kamera. Yule kaka hata jina lake la nyumbani nililijua baadaye, tukiwa tunakula.”

Mama akanitazama, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

“Basi mume wako ni huyu mzee. Huyu tunamjua, atakuachia tu.”

Hapo mama mkwe naye akacheka, mpaka akajifuta macho kwa kitenge. Jumapili iliyofuata matangazo yalianza upya, na hakuna aliyesimama.

Siku ya harusi mchungaji alinipa kitabu, kwa kuwa mjukuu wangu aliomba hivyo. Niliisoma ibada nzima. Alilia tena, na safari hii alikuwa anamtazama mumewe.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu akulindie watu wako, na makosa yako ayageuze kuwa kicheko.