Barua Aliyoisahihisha Mjomba

Mjomba wangu hakuwahi kudanganywa na karatasi. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akamcheka kabla hajajua anachokicheka. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa karani wa masijala ya mahakama, upande wa mirathi, na kila aliyekufa hapa mjini akaacha chochote, hata baiskeli, faili lake lilipita mikononi mwake. Mtaani walimwita Mzee Muhuri. Alipostaafu alihamia kwenye benchi la banda langu la kuchapa na kufotokopi, akawa anakaa hapo tangu nafungua mpaka nafunga, suruali imenyooka pasi, kalamu nyekundu mfukoni, akisubiri mtu mwenye swali.

Na watu walikuja. Wengi walileta zile baruapepe za watu wasiowajua: tajiri fulani amefia ng'ambo, hana mrithi, jina lake la ukoo linafanana na lako, tuma ada ya wakili urithi uwe wako. Nilikuwa nawachapia, wanampelekea Mjomba huku wamejikaza wasitabasamu. Mjomba hakuwabembeleza. Aliwauliza huyo marehemu alizikwa na nani. Wakisema hawajui, aliwaambia maiti haijiziki, na aliyemzika ndiye wa kwanza kujua kama ameacha kitu. Kisha kalamu inaanza kazi. Faili halina namba. Muhuri umegongwa pembeni badala ya juu ya sahihi. Hakuna tangazo la siku tisini za kusubiri wenye pingamizi. Hakuna aliyeomba cheti cha kifo, ila ada wanaitaka kesho. Mtu anaondoka na karatasi imejaa wekundu, amenusurika, na bado amenuna.

Aliyekuwa akimsikiliza kuliko wote ni mama mdogo, dada yake, kitinda mimba wa kwao. Alikuwa fundi cherehani, na nyumba yake inatazamana na banda langu: vyumba viwili vya kulala na cha mbele cha vyerehani vitatu. Mumewe alifia mgodini, nchi ya mbali, na mafao yake hayajafika mpaka leo. Alichomwachia ni nyumba hiyo tu. Mama mdogo hakujaliwa mtoto, na pensheni anaisikia kwa watu. Nyumba ile ndiyo iliyokuwa mume, mtoto na pensheni. Mchana kazi ikipungua alivuka barabara na kipande cha nguo, akakaa benchini akipindia huku kaka yake akisuta barua za matapeli, na kila kosa lililotajwa alilirudia kwa sauti ndogo, kama anayekariri vipimo vya mteja.

Siku moja ikaja baruapepe iliyoandikiwa Mjomba mwenyewe. Marehemu wa ukoo wake, amefia ng'ambo, hana mrithi. Mtu mwingine angefuta. Mjomba alicheka mpaka akakohoa, halafu akaniambia nikae kwenye kompyuta niandike anachosema. Hakuweza kuiacha karatasi mbovu ipite, hata ya mwizi. Akawatajia makosa saba, moja moja, na namna yalivyopaswa kuwa.

Jibu lilikuja kesho yake. Walimwita Mheshimiwa. Walishukuru kwa unyenyekevu, wakasema wamesahihisha, wakamwomba aitazame tena. Nilimwona Mjomba akisoma neno lile la kwanza mara mbili. Miaka thelathini na moja mahakamani hakuna aliyemwita Mheshimiwa. Hakimu alimwita kwa kidole.

Ndivyo walivyomvika kilemba cha ukoka, naye akainamisha kichwa kikae vizuri. Wiki baada ya wiki wakawa wanaleta na yeye anasahihisha. Nilimwambia kumpiga chura teke ni kumwongezea mwendo. Akanijibu kuwa kila saa wanayomwandikia yeye ni saa ambayo hawamwibii mtu mwingine, na kwamba yeye hajatuma wala hatatuma hata senti. Hilo lilikuwa kweli, na nikaridhika nalo upesi mno. Ukweli ni kwamba nilipenda kumwona amechangamka. Tangu astaafu alikuwa ameanza kuuliza saa ngapi mara kumi kwa siku.

Barua ya mwisho ndiyo siisahau. Ndani yake alifanya mambo mawili. La kwanza, aliwakosoa kuhusu siri. Alisema hapo ndipo wanapokamatwa kila siku: wanamkataza mtu asimwambie yeyote bila kutoa sababu, na mwenye akili lazima ashtuke. Waseme kwamba wanaoleta pingamizi kwenye mirathi ni ndugu wa karibu, kwa hiyo mwombaji anashauriwa akae kimya, hasa kwa ndugu zake wa damu, mpaka siku tisini ziishe. Jambo hilo hata si sheria. Alilitunga palepale, kwa raha ya kuona sentensi imekaa sawa. La pili, aliwapa mfano wa faili ambalo wakili wa kweli angelishughulikia, la mafao yasiyolipwa, na mfano uliomjia ni wa shemeji yake. Jina, mgodi, mwaka, jina la mjane na kazi yake. Nilipofika kwenye jina la mama mdogo vidole vyangu vilisita. Kisha nikaandika, kwa sababu kulikuwa na mteja anasubiri fotokopi.

Hawakujibu tena. Mjomba aliwatangazia watu wa benchini kwamba wamesalimu amri.

Baada ya hapo mama mdogo akaacha kuvuka barabara. Anatupungia mkono mlangoni, anacheka, anarudi ndani. Anwani yake ya baruapepe nilimfungulia mimi mwenyewe, ikaandikwa kwenye kibao cha duka na mtandaoni ili wateja wamtumie picha za mitindo, lakini nikasikia anachapisha karatasi zake kwenye banda lingine, mitaa miwili mbele. Nilinuna. Nilidhani anakimbia bei yangu. Cherehani kimoja kikatoka, kikafuata cha pili, tukasema anabadilisha vya kisasa. Alikonda, lakini alikuwa akiimba, na mtu anayeimba nani atamuuliza ana shida gani.

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Hapa walikosea. Mjomba alichimba, akabaki juu pakavu.

Mama mdogo alikuja siku ya soko, benchi limejaa. Alikuwa amevaa gauni jipya, la kwanza kujishonea tangu msiba, na bahasha kubwa ameikumbatia. Akaiweka kwenye magoti ya kaka yake mbele ya watu wote.

"Kaka, siku tisini zimeisha jana," alisema. "Sasa naruhusiwa kukuonyesha."

Akatueleza amesimama, kwa furaha, kama anayesimulia safari. Mafao ya mumewe yamepatikana. Kuna wakili aliyelifufua faili, ana jina la mgodi na mwaka, mambo ambayo mtu wa kubahatisha asingeyajua. Zilikuwepo gharama za kesi, akalipa. Leo au kesho pesa zinaingia.

Mjomba alikuwa ameshaanza kusoma. Barua aliyozoea kuimaliza kwa kupepesa macho, hii aliisoma mstari kwa mstari, akarudi juu, akaisoma tena. Kalamu hakuigusa. Hapakuwa na cha kusahihisha.

"Gharama ulitoa wapi?" aliuliza.

"Vyerehani kwanza. Halafu zikazidi, nikauza nyumba. Mnunuzi anaingia mwisho wa mwezi." Akamshika bega. "Usinitazame hivyo, kaka. Nilikagua. Kila ulichotufundisha hapa nilikitafuta kimoja kimoja. Muhuri uko juu ya sahihi. Namba ya faili ipo. Cheti cha kifo walikiomba kabla ya yote. Na nilinyamaza, hata kwako wewe. Unajua nilivyoteseka kukuficha?"

Mtu mmoja benchini alianza kunong'ona kuhusu tamaa na mauti. Nilimtazama akanyamaza. Mama mdogo hakuwa na tamaa. Alidai cha mumewe, na alikidai kwa utaratibu kuliko mawakili wengi ninaowafotokopia.

Mjomba aliiweka karatasi chini taratibu, akailainisha kwa kiganja.

"Barua hii nimeiandika mimi," alisema.

Mama mdogo akamkodolea macho. Nilingoja apige kelele. Badala yake uso ukamfunguka wote, mabega yakashuka, akakaa chini kando yake kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Kumbe ni wewe ulikuwa unanishughulikia muda wote huu," alisema. "Na mimi usiku silali, najiuliza kama nimefanya ujinga. Sasa si ungeniambia tu, kaka? Kama ni mkono wako, basi ni ya kweli."

Akamshika mkono, akaanza kumshukuru, kwa niaba yake na kwa niaba ya marehemu. Watu wa benchini wakampongeza Mzee Muhuri, mmoja akapiga makofi. Mjomba akanitazama mimi, niliyeyachapa maneno yale yote. Nikazima mashine ya fotokopi ili mama mdogo anisikie vizuri, nikavuta kiti, nikaanza kumwambia.