Jiwe la Ratili Nne

Tarehe 14 Machi 1956 polisi wa Iringa walimpa fundi saa wa Kihesa kibali cha kutengeneza silaha, ingawa hajawahi kupiga risasi hata moja na tairi likipasuka barabarani hujificha chini ya meza. Akishatoa risasi kwenye bastola huchungulia ndani, huchungulia tena, kisha humwita mteja naye achungulie. Huongea kwa sauti ya chini, kama mtu aliye karibu na mtoto aliyelala.

Juzi mlowezi mwenye shamba la tumbaku alimletea bastola ya mashindano, ile inayojikoki yenyewe. Alitaka kifyatulio kiwe chepesi, lakini kiweze kubeba ratili nne. Jumamosi, huko Mbeya, mwamuzi atatundika jiwe la uzito huo kwenye kifyatulio, na nyundo ya bastola ikianguka mshindani anatolewa. Mlowezi amekosa kikombe miaka miwili mfululizo. Jiwe la kupimia alilitoa shambani kwake.

Fundi alisugua chuma kwa nusu siku, akatundika jiwe. Nyundo haikuanguka, na mlowezi akapiga makofi. Lakini fundi alilishika jiwe, akalipandisha na kulishusha kiganjani.

“Samahani, Bwana. Hili ni la kupokelea tumbaku au la kugawia posho?”

“La posho. Kwani nini?”

Fundi akaazima jingine la ratili nne duka la jirani, akalitundika. Nyundo ikaanguka.

“Si tulisema posho haitimii!” kibarua mmoja wa shambani akapiga kelele kutoka kwenye lori la mlowezi lililosimama nje. “Mkatuita walafi!”

Mlowezi akawa mwekundu mpaka masikioni.

Kesho fundi anaanza upya kukitengeneza kifyatulio. Vibarua nao wanakuja na unga wao wa wiki hii, upimwe hapohapo, kwa jiwe la jirani.